Ufa Niliouziba

Nusu mwaka nilifagia uchafu wa Mwalimu Mahrokh, kwa hiyo mtu asije kunisimulia habari zake. Shule ya Karizbala nimeifagia tangu ilipojengwa, miaka kumi na tisa. Watoto waliniita Baba Safar, walimu waliniita Baba Safar, na hata mke wangu Nosrat akinikasirikia huniita hivyo hivyo, kwa sababu kwetu mtunza shule ndiye baba wa shule, na chumba chake kiko penye lango. Walimu kumi na mmoja walipita mbele yangu. Kila mmoja alikuja na kijiti cha kuonyeshea ubao, daftari la mahudhurio na hamu ya kuhamishwa mjini. Sakafu walizoniachia zilikuwa safi.

Mahrokh alikuja vuli na begi moja na magunia mawili. Mwembamba, na kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la chaki tangu ujana. Nikadhani magunia ni ya nguo. Kumbe yalijaa makopo, kamba, vifungo, maganda ya njugu za pista na vizibo vya chupa. Siku ya pili akasukuma madawati yote ukutani, akawakalisha watoto kumi na wanne wa darasa la kwanza na la pili juu ya zulia, akawapa udongo wafinyange herufi. Jioni nilikuta udongo kwenye bawaba za mlango.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii ni shule au kwa mfinyanzi?"

"Vyote viwili, Baba Safar. Kesho nitahitaji ndoo nyingine."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa akiwajibu. Mtoto akiuliza mlango una upana gani, yeye anasema, "Wewe unaonaje? Haya, pima." Basi wanapima kwa shibiri, kwa dhiraa, kwa unyayo, wanabishana, wanaandika, na mwisho wanaelewana. Nikasema moyoni, mtoto anauliza, mtoto anajibu, na huyu analipwa kwa kazi gani? Lakini mjukuu wangu Zarin, aliyekuwa darasa la kwanza, alikuwa akirudi nyumbani na kumsimamisha Nosrat mbele ya sufuria ili wahesabu dengu zinazoenea kwenye upawa mmoja. Nosrat hajui kusoma. Nilimkuta akihesabu na kucheka.

Zarin tulimlea sisi. Mama yake, binti yangu, alifariki akimzaa, na baba yake yuko bandarini Bandar Abbas, huja mara mbili kwa mwaka na sanduku la machungwa. Alikuwa mtoto msikivu kupita kiasi. Ukimwambia shika taa, ukajisahau, ukirudi utamkuta ameishika.

Ufa aliuona Golnesa, katikati ya majira ya baridi. Golnesa ni mjukuu wa marehemu Gholamreza, aliyekuwa mchimbaji wa kariz, ile mifereji ya chini kwa chini iliyokuwa ikileta maji ya milimani kwetu. Kila baada ya hatua kadhaa pana kisima cha kushukia. Wachimbaji hushuka wamevaa nguo nyeupe, ili wakifukiwa watu wasihangaike kutafuta sanda. Gholamreza alizikwa na nguo zake hizo. Alikuwa amemfundisha yule mtoto kugonga ardhi kwa kisigino na kusikiliza.

Ufa ulianzia sakafuni, kwenye kona iliyo nyuma ya jiko la mafuta, ukapanda. Mwalimu mwingine angesogeza kabati mbele yake. Mahrokh alisimamisha somo la hesabu, ufa wenyewe ukawa somo.

"Urefu gani?"

"Shibiri mbili na nyanda tatu," akasema Golnesa, akilaza vidole vitatu ukutani.

"Shibiri ya nani?"

Wakacheka. Wakakubaliana iwe ya Golnesa daima. Wakakata kipande cha karatasi chenye urefu huo, wakakibandika ukutani na kuandika tarehe. Wiki iliyofuata wakakata kingine, kirefu kidogo. Wiki iliyofuata, kingine. Vile vipande vikawa ngazi inayopanda, na mimi nikafagia bila kuitazama.

Kisha akawafundisha kuweka shahidi. Hiyo mafundi wetu wote wanaijua: unakoroga jasi, unaipaka mahali pawili patatu kukatiza ufa, inakauka. Ikikatika, ukuta bado unatembea. Watoto walikoroga wenyewe kwenye bakuli, kila kikundi kikaweka shahidi wake kwa dole gumba. Shahidi wa kwanza alikatika siku ya nne. Wa pili, siku ya pili. Wa tatu walimwacha mbichi jioni wakamkuta amekatika asubuhi, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Hapa panalia," Golnesa alisema, akigonga kisigino penye kona. "Pale mlangoni hapalii."

"Unafikiri kwa nini?"

"Hapa chini hakuna kitu."

Mahrokh akawatoa nje siku mbili, kwenye lile jangwa nyuma ya kijiji, wahesabu midomo ya visima vya kariz ya zamani iliyokauka. Walihesabu hatua toka kisima hadi kisima wakiwa wameshikana mikono, yeye mbele na mimi nyuma, maana aliniomba. Hatua arobaini. Arobaini. Arobaini na moja, kwa sababu Zarin alijikwaa. Darasani wakajenga kijiji chetu kwenye sinia kubwa la mchanga: viberiti ndio nyumba, vidonge vya unga uliokandwa na kutobolewa ndivyo visima, na shule ilikuwa kiberiti chenye bendera ya karatasi. Kisha wakavuta kamba toka kisima cha kwanza hadi cha mwisho.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio.

"Mwalimu, kimoja kimepotea," akasema Golnesa. "Baina ya cha sita na hiki ni hatua themanini."

"Kingekuwa wapi?"

Golnesa akachukua kidonge cha unga. Akakitafutia mahali kwenye kamba, na mahali penyewe palikuwa na kiberiti chenye bendera. Akakiinua kile kiberiti, akaweka kisima, akarudisha kiberiti juu yake.

Watoto wote wakatazama sakafu. Mwalimu alikuwa amebadilika rangi. Nami nikasema kwa sauti, "Haya, mchezo umekwisha, nipisheni nifagie."

Nilijua. Nilijua jinsi mtu anavyojua kwamba babu yake alikuwa mwizi, jambo ambalo halisemwi mezani. Shule ilipojengwa nilikuwa kibarua. Mdomo wa kile kisima ulifunikwa kwa mabamba mawili ya mawe, kikamwagwa kifusi, ikamwagwa zege. Bamba la pili nililibeba mimi na Gholamreza. Yeye alisema siku hiyo kwamba kisima hakifunikwi, kinajazwa. Mkandarasi akamwambia kila mtu na kazi yake.

Alasiri ile Mahrokh alinifuata chumbani kwangu. Nosrat akampa chai, hakuigusa.

"Baba Safar, wakati wa ujenzi ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Chini ya darasa langu pana nini?"

"Chini pana udongo, mwalimu. Kila mahali chini pana udongo."

"Hutaki kuniambia."

"Wewe si ndiye unayefundisha kupima?" nikamwambia. "Basi pima."

Jibu lile lilinifurahisha siku mbili nzima. Nililirudia hata mbele ya duka la mikate, watu wakacheka.

Sababu yangu naisema wazi. Shule yenye watoto kumi na wanne, ofisi ya elimu huiita shule ya kusubiri. Kikitokea kisingizio kimoja tu, wanaifunga, watoto wanapakiwa kwenye gari kwenda kijiji cha pili. Na shule ikifungwa, baba wa shule ni baba wa nini? Nina umri wa miaka sitini na mitatu, na chumba kile kilikuwa na paa.

Mahrokh akawahamishia watoto ukumbi wa maombolezo, kando ya msikiti. Baridi ya mle ndani ilikuwa ya kuuma mifupa. Akina mama wakapandisha mori.

"Mwanangu ana darasa lenye jiko," mmoja alimwambia mbele ya kila mtu, "anakuja kutetemeka hapa kwa ajili ya kidonge cha unga?"

"Darasa linakaa juu ya shimo, dada."

"Nani kasema? Golnesa? Golnesa bado anakojoa kitandani."

Mahrokh aliandika barua ofisini, akaeleza yote, akasema vile vipande vya karatasi vipo ukutani pamoja na mashahidi waliokatika, waje waone kwa macho yao. Wakajibu watakuja kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya.

Kabla ya Nairuzi, kwetu hakuna nyumba inayoachwa ilivyo. Tunaiita kuitikisa nyumba. Mazulia yanatolewa na kupigwa, mapazia yanafuliwa, kuta zinasuguliwa, na anayeukaribisha mwaka na uchafu wa mwaka jana hana heshima mbele ya jirani. Nami kila mwaka niliipaka shule rangi. Mwaka ule sikuacha. Niliingia darasani na mwiko na gunia la jasi. Nikabandua vile vipande vya karatasi kimoja kimoja. Mashahidi waliokatika nikawabomoa kwa mgongo wa mwiko. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikauziba, tena kwa ufundi, nikaulainisha kwa kitambaa chenye maji mpaka huwezi kuona ulikopita.

Zarin ndiye aliyekuwa akinisogezea jasi.

"Babu, mwalimu alisema tusiuguse."

"Mwalimu yuko ukumbini. Lete bakuli."

Akaleta.

Bwana wa ofisi ya elimu alikuja siku ya tatu yake, viatu vyake vikiwa na vumbi na hasira ya njia mbaya. Mahrokh akamwongoza mpaka kwenye kona, watoto nyuma yao. Akasimama. Ukuta ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho. Mahrokh alipitisha kiganja juu, akakipitisha chini, kisha akageuka kunitazama mimi.

"Ufa uko wapi, dada?" bwana yule akauliza.

"Ulikuwa hapa. Umepakwa jasi."

"Baba," akaniambia kwa upole, "hapa palikuwa na ufa? Sema tu. Kama upo, nafunga jengo leo hii, watoto wanaanza kupanda gari baada ya sikukuu."

Alikwisha kunipa sababu ya kusema uongo kabla sijaitafuta.

"Palikuwa na mikwaruzo, bwana. Watoto wanaachwa wachezee kuta."

"Muongo," akasema Golnesa.

Bwana yule akamtazama Mahrokh, akatikisa kichwa. "Na adabu nazo unawaachia wazipime wenyewe?"

Barua ya uhamisho ilimfikia Mahrokh kabla ya sikukuu. Alipakia magunia yake mwenyewe. Penye lango aliniambia, "Baba Safar, wasikae kwenye kona ile. Hilo tu nakuomba." Nikasema inshallah, kama mtu anavyomwambia fundi kwamba atamlipa.

Baada ya Siku ya Kumi na Tatu ya mwaka mpya, inayofunga sikukuu, watu waliporudi kutoka kula nje na kutupa mtoni mimea waliyoiotesha kwa Nairuzi, akaja Mwalimu Jalali. Kijana wa shati lililopigwa pasi, si mtu mbaya. Madawati yakarudi kwenye mistari. Mikono juu ya dawati, mgongo wima, anayetaka kusema anyooshe kidole aombe ruhusa. Nilikuwa nikifagia darasa kwa dakika tano. Nilifurahi, na leo naona haya kulisema, lakini nilifurahi.

Kisha ikanyesha. Kwetu mvua ni mgeni, na ile ilikaa siku mbili. Maji yalijaa uani, yakawa madimbwi kila upande, isipokuwa penye kona ya darasa. Pale hayakusimama. Yalifika na kwenda zake chini, kimya, saa baada ya saa. Nilisimama dirishani na gilasi ya chai mkononi nikiyatazama yanavyokwenda. Nosrat akaniuliza, "Unaangalia nini?" Nikamwambia mvua.

Siku ya tatu asubuhi jua lilitoka. Nilimvusha Zarin uani ili asiloweshe viatu, nikamtua kizingitini mwa darasa. Akasimama.

"Babu, umeanza tena. Nyanda mbili."

Nilitazama. Kwenye ukuta wangu mweupe palikuwa na mstari mweusi, toka sakafuni. Jana yake haukuwepo. Jasi hainyumbuki, na ule weupe wote nilioulainisha ulikuwa sasa shahidi mmoja mkubwa. Hilo nililielewa pale pale. Nikasikia na aibu pia, maana wenzake walikuwa wanaingia na Mwalimu Jalali alikuwa anatutazama.

"Nenda kakae," nikamwambia. "Usinyanyuke mpaka mwalimu akuambie. Usinitie aibu."

Akaenda kukaa. Mimi nikarudi chumbani kukoroga jasi.

Yaliyotokea ndani nimeyasikia kwa watoto, kila mmoja peke yake, na hawapishani. Golnesa alinyanyuka katikati ya imla bila kunyoosha kidole. Akaenda kwenye kona, akaweka vidole.

"Rudi mahali pako," Jalali akamwambia.

"Mwalimu, zilikuwa mbili. Sasa ni nne."

"Nimesema rudi."

Golnesa akamtazama, akachukua viatu vyake mlangoni, akatoka. Hakukimbia. Mwenzake wa jirani akatoka, kisha wawili, kisha dawati zima, wakipita mbele ya mwalimu kama watu wanaotoka msikitini swala ikiisha. Jalali akapiga meza kwa rula. Alipoona hawageuki akawafuata nje, maana ni nani atakayekaa darasani na mtoto mmoja wakati kumi na tatu wanakwenda lango kuu? Yule mmoja aliyebaki mwalimu alimwambia, "Wewe mtoto mwema, kaa hapo hapo."

"Baba Safar!" aliniita toka uani. "Funga lango, hawa wameingiwa na wazimu!"

Nilitoka na bakuli la jasi mkononi. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa nje, mbali na jengo, kama alivyowafundisha yule mwanamke. Nikawahesabu kwa macho. Nikawahesabu tena.

"Zarin yuko wapi?"

Jalali aligeuka kutazama mlango. Golnesa ndiye aliyejibu, na hakuinua sauti.

"Nimemvuta mkono, Baba Safar. Amesema wewe umemwambia asinyanyuke."

Nilikimbia. Naapa nilikimbia, na uani ni hatua ishirini tu. Nilikuwa nimefika nusu yake nikamwona kupitia mlango ulio wazi, dawati la tatu, mikono juu ya meza, amegeuza uso kunitazama nikija. Nikamwita. Alianza kunyanyuka. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia la unga linaloshushwa toka kwenye lori. Kisha mlangoni likatoka vumbi, na nilipofika kizingitini mbele yangu hapakuwa na sakafu.

Mchimbaji wa mwisho wa wilaya yetu alishuka jioni ile amevaa nguo nyeupe. Alimtoa kesho yake adhuhuri. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Niliwaambia polisi kila kitu: bamba, jasi, maji ya kwenye kona. Waliandika, nikatia dole gumba. Bwana wa ofisi ya elimu alikuja mazishini akakaa nyuma, akaondoka bila kunywa chai. Jalali aliacha ualimu. Watoto wanasomea ndani ya kontena, na mimi na Nosrat tunaishi kwa dada yake.

Mahrokh alikuja siku ya saba ya msiba, kwa basi la asubuhi, akiwa na nguo nyeusi na kikohozi kile kile. Alikaa na wanawake, akalia nao. Watu walipopungua akaja kukaa mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku. Lakini mimi ni mtu wa hasira, na nilipomwona tu, yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Uliwafundisha wote kumi na watatu," nikamwambia. "Golnesa, mtoto wa mwokaji, wote. Wangu ulishindwa kumfundisha nini?"

Nosrat akanishika bega ninyamaze. Mahrokh hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto anayekaribia jibu.

"Wako nilimfundisha, Baba Safar. Nosrat ameniambia kwamba asubuhi ile Zarin ndiye aliyeuona kwanza, na akaupima." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini alikuamini wewe kuliko macho yake."

Nosrat akamwongezea chai, naye safari hii akainywa yote, akainuka kuwahi basi.